Deborah, Kifaru cha Flesquières

Katika kijiji cha Flesquières, kaskazini ya Ufaransa, aliishi bi kizee mmoja aliyesema kwamba utotoni mwake aliwaona mateka wa Kirusi wakikisukuma kifaru na kukitumbukiza katika shimo kubwa. Hakuwa na tarehe wala picha ya kuonyesha. Alikuwa na kumbukumbu ya kitoto tu, aliyokaa nayo zaidi ya miaka 70, na ambayo wengi wangeipokea kama yanavyopokewa masimulizi mengi ya wazee: kwa kuitikia kwa adabu, kisha mazungumzo yakageukia mavuno. Philippe Gorczynski, mwenyeji wa Cambrai, mji ulio jirani na kijiji hicho, hakuipokea hivyo. Riziki yake ilikuwa hoteli. Mapenzi yake yalikuwa habari za vita vilivyopiganwa mahala pale mwaka 1917. Aliyaamini maneno ya bi kizee, na kuamini kule kukamgharimu miaka ipatayo sita.

Asiyeijua nchi ile huenda akashangaa ni vipi kitu chenye uzito wa tani 26 kiweze kupotea. Lakini ardhi ya Cambrai ni ardhi iliyolishwa chuma. Kila mwaka plau za wakulima huibua vipande vya makombora, seng'enge, risasi, na hata makombora mazima ambayo bado yanaweza kuua. Chombo cha kutambua chuma ardhini kikipitishwa katika mashamba kama hayo hulia kila baada ya hatua chache, na kinacholia kila mahali ni sawa na kilicho kimya. Ilibidi basi kurejea picha zilizopigwa kutoka angani wakati wa vita, kuzilinganisha na mipaka ya mashamba ya leo, kuuliza, kukosea, na kuuliza tena. Mwezi Novemba 1998, pembezoni mwa kijiji, udongo ulifunuliwa na chini yake pakaonekana paa la chuma. Bi kizee alikuwa amesema kweli.

Kiswahili kimekiita chombo hiki kifaru, na jina hilo ni tashbihi iliyokomaa hata imesahaulika kuwa ni tashbihi. Ngozi nene, mwendo mzito, macho madogo yasiyoona mbali, na ile tabia ya kwenda mbele bila kujali kilichopo mbele. Hapana lugha nyingine iliyokipa chombo hiki jina lenye kukifaa zaidi. Waingereza, walipokibuni, walikiita kwa jina la tangi la maji, ili wapelelezi wadhani kuwa ni matangi yanayotengenezwa kiwandani. Kwao jina lilikuwa la kuficha. Kwa Waswahili limekuwa la kufichua. Na sarufi nayo imefanya kazi yake: yule mnyama wa mwituni husemwa "amelala", na huyu wa chuma husemwa "kimelala", kana kwamba lugha yenyewe imesimama mlangoni ikikataa kukiingiza kitu hiki miongoni mwa viumbe vyenye roho.

Ajabu ni kwamba vifaru vya kwanza vilikuwa na madume na majike. Wala si masihara. Ndivyo jeshi la Uingereza lilivyoviandika katika daftari zake. Dume lilibeba mizinga miwili, mmoja kila ubavu, pamoja na bombomu. Jike lilikuwa na bombomu peke yake, kwa ajili ya kuwazuia watu wasilikaribie dume. Mswahili, aliyezoea kuambiwa kwamba mpapai huu ni dume na ule ni jike, hatatatizika sana. Kifaru kilichofukuliwa Flesquières kilikuwa jike, cha aina ya Mark IV, na jina lake lilikuwa Deborah.

Jina hilo halikuchaguliwa kwa sababu ya mwanamke yeyote aliyejulikana. Kikosi chake kilikuwa Batalioni D, na desturi ya batalioni ilikuwa kuvipa vifaru vyake majina yanayoanza kwa herufi hiyo. Deborah kilikuwa na namba D51. Tena hakikuwa cha kwanza kuitwa hivyo. Deborah ya kwanza, iliyokuwa na namba hiyo hiyo, iliangamia katika matope ya Ypres nchini Ubelgiji mwezi Agosti 1917, na jina likahamishiwa kifaru kipya, kama vile mtoto anavyopewa jina la nduguye aliyetangulia mbele ya haki. Hili ni jambo la kukumbukwa na wote wapendao kulitumia neno "asili" kwa wepesi. Hata jina la chombo hiki lilikuwa la urithi.

Ndani ya Mark IV waliingia watu wanane. Injini ya Daimler, yenye nguvu ya farasi 105, ilikuwa katikati yao, bila ya ukuta wa kuwatenga nayo, kama jiko kubwa lililowekwa katikati ya chumba kisicho na dirisha. Joto lilipanda hata kufikia nyuzi 50. Moshi wa petroli na wa baruti uliwalewesha, wengine wakitapika, wengine wakizimia. Kelele zilikuwa nyingi hata hapana aliyesikia alichoambiwa. Amri zilitolewa kwa ishara za mikono au kwa kugonga chuma. Ili kifaru kigeuke upande, watu wanne walipaswa kushirikiana. Na baada ya taabu yote hiyo, mwendo wake mkubwa haukuzidi kilomita 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu mwenye haraka anayewahi soko. Bamba la chuma lililowakinga lilikuwa na unene wa milimita 12 pale palipokuwa nene kuliko kwengine kote. Risasi ya bunduki halikuiruhusu. Kombora la mzinga liliipita kana kwamba ni ubao.

Alfajiri ya tarehe 20 Novemba 1917 vifaru 476 vilikusanywa mbele ya Cambrai, vingine vya kupigana, vingine vya kubeba mafuta na zana. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo vifaru vingi namna ile kutumwa kwa pamoja. Mahandaki ya Wajerumani yalikuwa mapana kiasi kwamba kifaru kikitumbukia kisingetoka, na dawa iliyopatikana ilikuwa ya kikulima: kila kifaru cha kupigana kilibeba juu yake tita kubwa la fito, lililokazwa kwa minyororo, na kilipofika kwenye handaki kililidondosha, kikapita juu yake. Vita vya mitambo, vilivyogharimu akili za wahandisi wakubwa, vilivukishwa kwa matita ya kuni. Kwa siku hiyo moja jeshi la Uingereza lilisonga mbele kiasi cha kilomita 8, mahala ambapo mwendo ulihesabiwa kwa mita, na siku chache baadaye kengele za makanisa zilipigwa Uingereza kushangilia ushindi. Walishangilia mapema mno. Tarehe 30 Wajerumani walirudi, na mwanzoni mwa Disemba sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa mikononi mwao tena.

Flesquières ndipo siku ile ilipokwama. Kijiji kilikaa juu ya kilima, na nyuma ya kilima palikuwa na mizinga ya Wajerumani iliyongoja vifaru vijitokeze. Deborah, chini ya Luteni Usu Frank Heap, ilipita ndani ya kijiji na kutokea upande wa pili, ikiwa imewaacha nyuma askari wa miguu waliopaswa kuandamana nayo. Hapo ndipo makombora yalipoipata. Kati ya watu wanane, watano walikufa: Joseph Cheverton, George Foot, William Galway, Walter Robinson na Fred Tipping. Heap aliwaongoza waliosalia hadi wakarejea kwa wenzao, na kwa tendo hilo akatunukiwa nishani ya Military Cross.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu siku hiyo, kwamba vifaru vingi vya Flesquières vilivunjwa na mpiga mzinga mmoja wa Kijerumani, aliyebaki peke yake baada ya wenzake wote kufa, akapakia na kufyatua mpaka alipouawa. Jemadari mkuu wa Waingereza mwenyewe alikiandika katika taarifa yake, jambo lisilo la kawaida kwa adui kumsifu adui. Baadaye Wajerumani walimpa shujaa huyo jina na sanamu. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba mizinga ilikuwa mingi na wapigaji wake walikuwa wengi. Lakini kisa hakikufa, na wala si ajabu. Mtu mmoja huimbika. Betri nzima ya mizinga haiimbiki. Chuma cha Deborah hakina fani hiyo. Kina matundu yake, kila tundu mahala pake, na ukubwa wake, na upande lilikotokea.

Matundu hayo hayo ndiyo yaliyosaidia kukitambua. Kifaru kilipofukuliwa hakikuwa na jina usoni. Miaka 80 ya udongo ilikuwa imelifuta. Ilihitajika kazi ya subira ya watafiti wa Kifaransa na wa Kiingereza, kupekua daftari za kijeshi na kulinganisha chuma kilichopatikana na picha za zamani za kifaru kilichovunjwa, zilizokuwa zimehifadhiwa na jamaa wa kamanda. Jeraha kwa jeraha, vikalingana. Laiti mtu mwenye pupa angekiziba matundu yale mara tu kilipotolewa, na kukipaka rangi ili kipendeze, angekuwa ameifuta saini yake yenyewe kabla haijasomwa.

Na hili linafikisha mazungumzo kwenye swali ambalo kila mtunzaji wa chombo cha kale hana budi kulijibu, awe anatunza kifaru, jahazi au mlango wa nakshi. Kukitunza katika hali yake ya asili ni kukirudisha katika asili ipi? Deborah ilikuwa na asili zaidi ya moja. Palikuwa na siku ilipotoka kiwandani Uingereza, mpya, haijaua wala haijauliwa. Palikuwa na alfajiri ya tarehe 20 Novemba, ikiwa na tita la fito mgongoni na watu wanane tumboni. Palikuwa na mchana wa siku hiyo hiyo. Palikuwa na shimo alilolishuhudia mtoto wa kijijini, na miaka 80 ya giza. Mafundi wangeweza kuirudisha siku ile ya kwanza. Mark IV zilitengenezwa zaidi ya 1,200, na ingawa zilizobaki duniani zinahesabika kwa vidole, michoro na vipimo vyake vinajulikana. Wangekata mabamba mapya, wangepigilia ribiti mpya, wangetafuta injini. Kingepatikana kifaru kizuri sana. Lakini kisingekuwa kile walimofia watu watano.

Gorczynski na wenzake walikiacha kama kilivyofukuliwa. Mwaka 1999 serikali ya Ufaransa ilikiorodhesha miongoni mwa kumbukumbu za kihistoria za taifa, cheo ambacho aghalabu hupewa makanisa na makasri. Kwa miaka mingi kikahifadhiwa ndani ya banda pale pale kijijini, na aliyetaka kukiona aliingia bandani, akakikuta hivyo hivyo: mabamba yaliyopasuka na kujikunja, ubavu uliotobolewa, kutu ya rangi ya udongo mwekundu.

Uamuzi huo unaonekana mwepesi ukishafanywa. Vifaru vingine vya vita vile vilipata bahati nyingine. Vita vilipokwisha, miji zaidi ya 260 ya Uingereza iligaiwa vifaru viwe mapambo ya viwanja vyao, shukrani kwa wananchi waliochangia fedha za vita. Vililetwa kwa bendi na hotuba. Miaka haikuwa mingi vikaanza kuchusha. Watu waliorudi vitani hawakupenda kuviona kila waendapo sokoni, na kutu ikavifanya vibaya machoni. Kimoja baada ya kimoja vikauzwa chuma chakavu, na vita vya pili vilipokuja njaa yake ya chuma ilivimaliza vilivyosalia. Katika mji wa Ashford kimoja kilinusurika mahala pake, na sababu yake si heshima. Mwaka 1929 watu wa umeme walikihitaji chumba cha kuwekea mtambo wao, wakaona tumbo la kifaru linafaa, wakaing'oa injini na kuutia mtambo wa umeme ndani. Kikaacha kuwa kumbukumbu kikawa kibanda, na kibanda chenye kazi hakivunjwi. Alichopoteza kwa kukosa injini alikipata kwa kubaki hai. Na hapa kalamu imeteleza ikamwita "yeye", basi na iachwe.

Mjini Brussels kipo kingine, Lodestar III, kinachotajwa na wajuzi kwa unyenyekevu kwa sababu bado kimevaa rangi yake ile ile ya zama za vita. Rangi tu; lakini rangi ikishakwanguliwa hairudi, kwani hapana anayeweza kuinunua rangi ya mwaka 1917. Chini ya kila rangi huwa na rangi nyingine, na baina yake huwa na alama, namba, jina lililoandikwa kwa mkono na mtu aliyekuwa hajui kama atarudi. Fundi mwenye mashine ya kupuliza mchanga huweza kuyaondoa yote hayo kwa asubuhi moja, na akaondoka akiamini kuwa amesafisha.

Na wapo waliochagua njia ya kinyume, si kwa ujinga bali kwa hoja. Katika jumba la makumbusho la vifaru huko Bovington, Uingereza, kipo kifaru cha Kijerumani cha vita vya pili, Tiger 131, kilichotekwa Tunisia mwezi Aprili 1943. Baada ya matengenezo ya miaka mingi, tangu mwaka 1990 hadi 2003, kilianza tena kutembea kwa nguvu yake, na siku kinapotembezwa maelfu ya watu huja kukisikia kinavyonguruma. Injini inayonguruma si yake. Ya kwake ilikuwa imekwisha kupasuliwa zamani ili wageni waone yaliyomo ndani, na hii ilichukuliwa kutoka kifaru kingine. Wenye kukitetea husema kwamba mtambo uliotengenezwa utembee, ukisimama milele umekuwa kitu kingine, na kwamba sauti nayo ni sehemu ya asili. Hoja hiyo haidharauliki. Mwenye kuipenda ngoma hataridhika kuiona imetundikwa ukutani.

Tanganyika nayo ina ushahidi wake katika shauri hili, kutoka vita vile vile vilivyoivunja Deborah. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Dar es Salaam, na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915 na kufungwa mizinga. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka injini mafuta mazito, kama maiti anavyopakwa kafuri. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikaanza safari mwaka 1927 kwa jina jipya, na ikabeba abiria, dagaa na magunia kwa miongo mingi. Mizinga imetoka, injini za mvuke zilitolewa miaka ya 1970 zikaingia za dizeli, jina limebadilika. Mwili ni ule ule. Kwa chombo ambacho watu wanakihitaji kuvukia, kubadilika ndiko kutunzwa, na mwenye kudai kwamba ingebaki na mizinga yake aende akawaambie akina mama wa Kasanga.

Tofauti ya Deborah ni kwamba hapana anayeihitaji kuvukia. Haikuwa na kazi nyengine ila ile iliyoifanya kwa saa chache na kuishindwa. Ikitengenezwa itembee, itatembea kwenda wapi?

Lakini kuacha kama kilivyo si kukaa bure. Mwenyeji wa pwani halihitaji somo hili. Ameona misumari ya mlango inavyolika na chumvi, na pingili za mnyororo wa nanga zinavyobanduka maganda mkononi. Chuma kilichozikwa hufikia mapatano na udongo. Hewa ni kidogo, kutu hujenga ganda, na ganda hulinda kilichomo. Siku kinapofukuliwa mapatano huvunjika. Hewa huingia, unyevu huingia, na chumvi iliyojificha ndani ya kutu huanza kuuvuta unyevu huo na kula upya. Vyuma vingi vilivyokaa ardhini salama kwa karne vimeangamia kwa miaka michache baada ya kuokolewa. Ndiyo maana watunzaji hujali zaidi ukavu wa hewa kuliko uzuri wa jengo, hupiga brashi laini pale ambapo mwengine angepiga patasi, hutumia asidi itokanayo na magome ya miti kuigeuza kutu iwe nyeusi na tulivu, kisha hupaka nta. Kazi yote hiyo, ikifanywa vizuri, haionekani. Mtu huingia, hutazama, na hutoka akisema kwamba kifaru kimeachwa tu hivi hivi.

Mwezi Novemba 2017, ilipotimia miaka 100, jumba la makumbusho lilifunguliwa Flesquières kwa ajili ya kifaru hiki kimoja. Lilijengwa kando ya makaburi ya Waingereza yaliyopo kilimani, ambayo yana maiti zaidi ya 900, baadhi yao wasiotambuliwa. Watano miongoni mwa waliotambuliwa ni wale watano wa Deborah. Chombo na watu wake wametenganishwa na hatua chache tu.

Wakaazi wa Unguja wanayajua mawe kama yale. Kisiwani Chapwani wamelazwa mabaharia wa Pegasus, manowari iliyozamishwa na Königsberg mbele ya mji tarehe 20 Septemba 1914. Nao wana mawe yao. Tume iliyokabidhiwa makaburi ya Flesquières iliundwa mwaka 1917, mwaka ule ule wa Deborah, na msingi wake ulikuwa kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina, bila ya kutofautisha cheo. Ni msingi mzuri. Lakini katika Afrika ya Mashariki haukufuatwa hivyo. Huku mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, magari yalizama katika tope, na vifaru havikuletwa. Kwa hiyo chombo cha vita kilikuwa kichwa cha mtu. Wapagazi waliandikwa kwa mamia ya maelfu katika kile kikosi ambacho jina lake, Carrier Corps, limebaki katika vinywa vya watu kuwa Kariakoo. Walibeba risasi, unga na majeruhi, wakafa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu na kwa njaa. Mwaka 2021 tume ile ile ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika wa upande huu na Wamisri, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Nairobi ipo sanamu ya shaba ya mpagazi, amesimama pamoja na askari. Haina jina, kwa sababu si ya mtu fulani.

Pengine ni hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mtu wa Cambrai alishughulika miaka sita kwa maneno ya bi kizee mmoja, na kwa nini, alipokipata alichokitafuta, hakuona haja ya kukiongezea kitu. Deborah inaweza kusomwa. Kombora liliingia hapa, lilitoka pale. Aliyekaa mahala hapa alikuwa fulani, na fulani amelala nje, safu ile. Ushahidi wa namna hiyo ni adimu. Kwa wapagazi haukubaki hata mzigo mmoja wa kuelekeza kidole.

Bi kizee hakuacha maandishi. Alichokiona akiwa mtoto kimo ndani ya jumba la Flesquières, mabamba yake yakiwa wazi pale yalipopasuliwa, na mgeni akiinama kidogo huweza kuona ndani hadi upande wa pili.